Lumbesa Majini

Kama hujawahi kuona mwanaume mzima, mwenye malori na tumbo la kutosha, amevaa kofia ya nahodha katikati ya Makutano hapa Meru, mahali ambapo maji ya karibu ni yale ya kuoshea magari, basi hujaona kitu. Mimi nimeona. Anaitwa Misheck, broka wa viazi, na habari zake nitazisimulia kwa hasira kwa sababu sijui njia nyingine ya kuzisimulia.

Mimi ni Kathambi, watu huniita Mama Purity. Nalima viazi juu ya Ruiri, kule kunakoshika baridi, na ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wakulima wa huko. Mume wangu Njagi ni mtu wa Mbeere, seremala mwenye karakana Makutano. Vitanda, makabati, viti vya kanisa, hiyo ndiyo kazi yake, na kusema kweli anaijua. Akikutengenezea kiti, wajukuu watakigombania.

Sasa lumbesa. Mtu asiyelima viazi anaweza kudhani ni dansi. Broka hanunui kwa kilo, ananunua kwa gunia. Gunia likishajaa mpaka mdomoni anatoa wavu, anaushona juu ya mdomo, anajaza tena mpaka gunia linaota mabega na kichwa. Halafu anakutazama machoni, bila haya, anakwambia, "Mama, hili ni gunia moja." Serikali ilishapiga marufuku, ikasema gunia lisizidi kilo hamsini. Tukapiga makofi kwenye baraza mpaka viganja vikauma. Msimu uliofuata Misheck akaja na wavu mrefu zaidi. Ukikataa, lori linaondoka na viazi vinabaki kwako vikichipua. Mimi nilitaka kitu kimoja tu hapa duniani: mizani. Iletwe mizani, jasho langu lipimwe, niende nyumbani. Nilikuwa nimelisema jambo hilo kwa chifu, kwa mbunge, kwenye redio, hadi sauti ikakwama, na Misheck alikuwa akinisikiliza redioni huku akicheka.

Huyo ndiye aliyekuja karakana kwa mume wangu akitaka ajengewe chombo cha matanga. Yoti, ndivyo wanavyoiita. Alikuwa amejiunga na klabu ya matajiri wanaoshindana katika bwawa la Kiambere, kule chini Mbeere. Vyombo vya plastiki wanavidharau. Wanataka vya mbao, vya mtindo wa zamani, mlingoti mrefu, shaba inayong'aa, kama vile walivyokuwa navyo mabwana wa Uingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kwenye bwawa la umeme! Viboko wakiwatazama! Watu wa Mbeere wanatembea na punda kutafuta maji ya kunywa, na hawa wanayatumia kuchezea.

Njagi akapotea. Sina neno lingine. Alipewa michoro ya hayo mambo ya kizamani na tangu siku hiyo akawa mtu wa kusahau chai mpaka inashika utando. Alinunua mbao za muuru zilizokauka vizuri, akawa anazipapasa kama mtu anayepapasa shingo ya ndama. Nikimwambia paa la jiko linavuja, ananijibu kuhusu mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo unaokaa chini majini. "Baba Purity," namwambia, "mvua inaingia kwenye sufuria." Anasema, "Mm, lakini ukiona jinsi unavyopinda!"

Siku moja nikampelekea githeri kazini. Chombo kilikuwa kimesimama juu ya magogo katikati ya karakana, mbavu zimekwisha kufunikwa mbao, na Misheck alikuwepo na kofia yake. Kulikuwa na mtu wa tatu, Adrian, mzee wa Embu mjini aliyestaafu kazi ya kupima ardhi. Klabu ilikuwa imemfanya mpimaji wa vyombo vyake. Mtu mpole, lakini ukimuuliza swali moja jiandae kulala hapo.

Nikauliza swali moja. "Mbona pua ni ndefu hivi? Na nyuma pia. Inaning'inia hewani, haitagusa maji. Ni ya nini?"

Adrian akavua miwani kwa furaha. "Mama Purity, hapo umegusa historia yenyewe!"

Akaanza. Kumbe Waingereza walipoanza kushindana kwa vyombo hivi, walihitaji kipimo, ili chombo kikubwa kikipe kile kidogo nafuu ya muda, mashindano yawe ya haki. Wakatumia hesabu inayofanana na ile ya kutoza meli ushuru. Walipima urefu na upana. Kina hawakupima, walikadiria kutokana na upana. "Sasa wachoraji wa vyombo wakafanya nini?" Adrian akaniuliza, macho yanametameta.

"Wakadanganya," nikasema.

"Wakabuni! Walipunguza upana, wakaongeza kina. Chombo kikawa chembamba kama ubao uliosimamishwa kwa ubavu, na chini wakafunga madini mazito ya risasi ili kisipinduke. Kwenye hesabu ni kidogo, majini ni kikubwa. Ndani hata kulala huwezi, na wengine walizama navyo."

"Walizama kwa ajili ya kukwepa kipimo?"

"Ndiyo. Basi sheria ikabadilishwa. Ikawa ni kupima urefu wa pale maji yanapogusa chombo kikiwa kimetulia, pamoja na ukubwa wa tanga. Upana ukaachwa. Ndipo zikazaliwa hizi pua na mikia. Kikitulia, kinagusa maji hapa katikati tu, kinaandikwa kifupi. Upepo ukikilaza, pua na mkia vinaingia majini, kinakuwa kirefu, na kirefu ndicho chenye mbio. Dunia nzima inausifu urembo huo mpaka leo. Baadaye sheria ikabadilika tena, na umbo likabadilika tena. Kila sheria mpya, umbo jipya."

Nikaweka sufuria ya githeri chini. Nilikizunguka hicho chombo chote, nikaitazama pua, nikautazama mkia, nikamtazama Misheck.

"Murungu wakwa, Mungu wangu," nikasema. "Hii ni lumbesa."

"Aii, Mama Purity," Adrian akasema kwa upole, "hii ni sanaa."

"Sanaa gani? Imepimwa katikati, na mzigo umepachikwa juu ya mdomo! Mabwana wa Uingereza na kofia zao, kumbe ni mabroka tu wa viazi wa soko la Kibirichia! Hakuna hata mmoja aliyeketi akajiuliza chombo kizuri kikoje. Walikaa wakajiuliza kipimo kina tundu wapi. Na wewe Misheck, haki ya Mungu, kati ya mambo yote yaliyo Ulaya umeenda ukaokota hili. Pua yako inajua kunusa."

Njagi alikuwa ananikonyeza ninyamaze. Misheck hakukasirika, huyo hukasirika kwenye bei tu. Alicheka mpaka kofia ikasogea.

"Mama Purity, maneno mengi. Mpinzani wangu ni Ndambiri, yule daktari wa meno wa Embu. Ana chombo kifupi, kibutu kama kinu. Nikishindwa na huyo, msimu ujao nakuja Ruiri na mizani. Kilo kwa kilo, kikundi chako chote. Nikishinda, nisikusikie tena redioni, wala kwa chifu, wala popote."

"Rudia hayo mbele ya Adrian."

Akarudia. Njagi akakaa juu ya gogo akashika kichwa.

Jioni nilipokuwa namenya viazi nikamuuliza mume wangu kitu kimoja, polepole, kama mtu asiyejali. "Na hicho chombo kikipakia mzigo mzito, hata bila upepo?"

"Kinadidimia kidogo. Pua na mkia vinaanza kugusa maji."

"Kwa hiyo kinakuwa kirefu."

"Kirefu kabisa. Ndiyo maana kinapimwa kikiwa kimebeba wote watakaosafiri nacho. Misheck ndiye aliyeisukuma kanuni hiyo klabuni, ili daktari asije akapimwa yuko peke yake halafu apakie rafiki zake." Akaniangalia. "Kwa nini?"

"Basi tu," nikasema. "Hebu lete chumvi."

Siku ya mashindano tukateremka Kiambere kwa basi la kukodi la Misheck, kwaya mbele, sisi nyuma. Joto la kule Mbeere halina adabu. Chombo kilikuwa kimeshapelekwa kwa lori na kilikuwa kinaelea kando ya gati, kimepakwa vanishi, kinang'aa. Njagi alikuwa amesimama hapo na suti yake ya harusi, hajui mikono aiweke wapi. Wapiga picha walimpita kwenda kumpiga Misheck akiwa ameshika usukani, na nikawaona jinsi walivyomkanyaga viatu bila hata kusema pole. Wajinga.

Kwetu kitu kipya hakianzi kazi bila maombi. Lori likinunuliwa linaombewa, kinu cha kusaga mahindi kinaombewa, na Misheck, pamoja na Uingereza wake wote, hangethubutu kufungua tanga kabla ya mchungaji kupanda ndani na kukiombea chombo kutoka pua hadi mkia. Na alikuwa amemwalika mama mkwe wake aje ashuhudie.

Huyo ni Mama Mukiri, tunasali kanisa moja Ruiri. Mama mkubwa, mzito, wa vitambaa vya kichwa vilivyopigwa pasi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema pamoja na dada zake, anajipepea. Nikamwendea, nikamsalimia kwa mikono miwili.

"Mama," nikamwambia, "kwani chombo cha mkwe wako kitabarikiwa wewe ukiwa huku nje kama mpita njia?"

"Nilikuwa najiuliza hivyo hivyo," akasema.

Nikamshika mkono mwenyewe. Akapanda, dada zake wakamfuata na mikoba yao na kibuyu cha uji, na nikamwelekeza pale nyuma kabisa, mwisho wa mkia, mahali penye kivuli. Misheck akatabasamu kwa hofu na kumsogezea mto. Mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, amina ikasemwa. Mchungaji akashuka. Kwaya ikatulia. Mama Mukiri hakushuka.

"Mama, sasa tunaanza mashindano," Misheck akasema, akiangalia mbao za sakafu. Mtu ambaye nimemsikia akimfokea chifu!

"Nimesikia," akasema Mama Mukiri. "Anzeni."

Sasa nani atamwambia? Nyinyi mnaosoma mnajua mambo yetu. Mkwe hamwambii mama wa mke wake ainuke alipoketi. Hata akiwa ameketi juu ya kofia yako, utanunua nyingine. Misheck akamnong'oneza mke wake, na mke wake akageuka akawa anavitazama vilima vya ng'ambo kana kwamba ameambiwa kuna mvua. Mama Mukiri akamimina uji.

Adrian akaja na mtumbwi wake mdogo na utepe wa kupimia. Akapima mbele, akapima nyuma, akapima tena. Kisha akainua uso, na nakwambia mzee yule alikuwa na furaha ya mtoto.

"Kimerefuka," akatangaza. "Kimerefuka sana! Bwana Misheck, utampa daktari muda mrefu kweli."

"Hao si mabaharia! Hao ni wageni!"

"Wanasafiri?"

Misheck akageuka kumtazama mama mkwe. Mama Mukiri alikuwa anafuta mdomo kwa leso. "Wanasafiri," akasema Misheck, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

Wakaondoka. Nitasema jambo ambalo linaniudhi kulisema: kilikuwa kizuri. Upepo ulipokilaza, tanga jeupe likajaa, na ile pua ya wizi ikagusa maji taratibu, watu wote ufukweni wakainuka vitini. Njagi alilia waziwazi, na suti yake. Nikamshika mkono. Nilichukia kila kitu kilichotengeneza umbo lile, na mkono wa mume wangu ulikuwa ndani yake, sasa nifanyeje?

Misheck alifika mbele. Nyuma yake kibutu cha daktari kikaja kinasukasuka, na daktari mwenyewe amelowa mpaka masikioni. Adrian akafanya hesabu zake, akampa daktari muda wake wote aliostahili, na mshindi akawa Ndambiri.

"Nimefika wa kwanza!" Misheck alipiga kelele. "Watu wote wameona kwa macho!"

"Wameona," nikamwambia. "Hata mimi gunia langu huwa naliona kwa macho, Bwana Misheck. Unaniambia ni moja. Na ahadi ni ahadi."

Angebisha, namjua. Lakini Mama Mukiri alikuwa anashushwa kwenye gati wakati huo, akauliza kwa sauti ya kanisani ni ahadi gani mkwe wake alimpa huyu mama wa Ruiri. Adrian akaeleza yote. Mama Mukiri akasema, "Vizuri. Mkwe wangu ni mtu wa neno lake." Kwisha. Nilirudi Meru nikiimba kuliko ile kwaya, na nikawatukana viboko nikipita.

Msimu wa kuvuna ulipofika, pikapu ya Misheck iliingia Ruiri na mizani mpya ya chuma. Ilikuwa asubuhi yenye jua. Kina mama walikuwa wamevaa nguo za Jumapili shambani, uliona wapi? Magunia yalikuwa yamepangwa mdomo wazi, hakuna wavu, hakuna kichwa, magunia yenye heshima. Mimi nilikuwa nimeshughulika na mikutano wiki yote, kwa hiyo Njagi ndiye aliyepanda kutoka Makutano kunipakilia yangu. Alijitolea mwenyewe. Nikaona, ama kweli mume wangu amerudi nyumbani.

Gladys, jirani yangu, ambaye amepigana nami vita hivi tangu mwanzo, akasema gunia la mwenyekiti litangulie. Wakapiga vigelegele. Likawekwa juu ya mizani.

Karani wa Misheck akasoma, akakunja uso, akasoma tena. Akalitazama gunia langu, akatazama la Gladys ambalo lilikuwa na unene ule ule. "Mama, hili ni zito sana," akasema. Akalilaza chini, akalimwaga.

Viazi vikatoka, vimeloweshwa maji, vimeshikiliwa na udongo mzito mweusi. Halafu yakatoka mawe. Mawe ya mtoni, yaliyooshwa, yaliyochaguliwa moja moja, ukubwa wa kiazi, mviringo wa kiazi, hata rangi. Yalikuwa yamepangwa katikati ya gunia kwa ustadi, ili hata ukilibonyeza kwa nje usiyahisi. Ilikuwa kazi safi.

"Umeyaweka wewe!" nikamrukia karani. "Mwizi, na mwana wa mwizi! Umetumwa!"

Nikageuka nikamwona Njagi amesimama karibu na mkokoteni, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye aibu, heri ungekuwa hivyo. Ulikuwa uso ule ule wa karakana.

"Amewapunja miaka yote, Kathambi," akasema. "Mizani inajua uzito tu, haioni ndani. Nililifikiria sana. Nilitaka angalau mara moja wewe ndiye upate zaidi."

"Nani alikuomba?" Nilipiga kelele mpaka nikakohoa. "Nani alikuomba, wewe mtu? Nilisema nataka zaidi? Lini? Nilisema nataka kipimo!"

Nilimdharau wakati ule kuliko nilivyowahi kumdharau Misheck, na alikuwa amenifanyia hivyo kwa mapenzi.

Misheck akashuka kwenye pikapu. Nilimngojea acheke, nilitaka acheke nipate pa kushika. Hakucheka. Aliinama akaokota jiwe moja, akaligeuza mkononi, akamtazama Njagi kwa heshima kabisa, kama fundi anavyomtazama fundi. Kisha akalirudisha chini.

"Mama Purity, mizani nilileta," akasema. "Hawa wote wameona nimeleta."

Vijana wake wakaipakia mizani kwenye pikapu, wakateremsha furushi la nyavu na kamba ya katani. Hakuna mama aliyebisha. Wangebisha vipi? Wote walikuwa wanayatazama yale mawe. Gunia la Gladys lilikuwa pale pale, viazi vitupu, vikavu, alivyovisugua kwa mikono yake kimoja kimoja jana yake ili vipimwe vikiwa safi.

Gladys akaokota sindano ya magunia, akaitia kamba, akaja akanishikisha mkononi.

"Anza na langu," akasema.

Nikapiga magoti, nikaanza kushona.